Deni la Anayelisha

Katika nchi yetu limekuwapo neno moja la dhihaka ambalo kila mtu mzima amepata kulisikia: kwamba wakubwa wanawalisha vyura ilhali watoto wa watu wanakwenda shule na njaa. Vyura wanaosemwa ni wale wa Kihansi. Nimelisikia neno hilo barazani hapa Usagara, nimelisikia ndani ya basi la kwenda Korogwe, nimelisikia hata kwa watu wenye elimu ya kunishinda. Aghalabu husemwa kwa kicheko, na kicheko kikishapita mazungumzo huhamia kwenye mpira. Mimi naomba, ndugu msomaji, tusihamie kwenye mpira upesi hivyo. Ndani ya dhihaka ile limejificha swali zito: mtu anapomlisha kiumbe asiyeweza kujilisha, je, anatoa, au analipa?

Kwanza habari ya chura mwenyewe, maana wengi wanaomcheka hawamjui. Aliyekomaa hafiki sentimita tatu, na rangi yake ni ya manjano. Wataalamu walimgundua mwaka 1996 tu, wakati mradi wa umeme wa maji ulikuwa umekwisha kuanza; Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioandika maelezo yake ya kwanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa majani mabichi kandokando ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, eneo la hekta mbili hivi, lililolowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maji yaangukayo. Hatagi mayai dimbwini kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto walio vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hadi Marekani. Bondeni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia, na kwa muda vyura waliosalia wakaonekana kuongezeka. Kisha mwaka 2003 wakaanza kutoweka kwa ghafla, na ukungu ushambuliao ngozi za vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena mwituni. Waliobaki hai walikuwa wale waliofugwa ughaibuni, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo.

Sasa fikiri kazi ya kumlisha mtoto wa chura aliye mdogo kuliko punje ya mchele. Hali majani wala makombo. Hali kitu kilichokufa. Anakula kile kinachotembea mbele ya macho yake, nacho kiwe kidogo kuliko mdomo wake. Ilibidi walezi wale wawe kwanza wafugaji wa vidudu: nzi wadogo wa matunda, nyenje waliotoka kwenye yai jana, na vile vidudu virukavyo vya kwenye majani yaliyooza, ambavyo mtu mwenye macho ya umri wangu haoni kama vipo. Kabla hujamlisha chura yakupasa umlishe mdudu, na kabla hujamlisha mdudu yakupasa ujue mdudu anakula nini. Miaka ya mwanzo wengi walikufa mikononi mwa watu waliokuwa na fedha, madaktari na nia njema, ikafika wakati waliobaki hawakutimia mia. Baadaye walezi walijifunza, na vyura wakazaana wakawa maelfu. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa nchini, wakawekwa katika nyumba yao maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaanza kurudishwa bondeni kwao.

Wahenga waliosema “fadhili mbuzi utakunywa mchuzi” waliijua nafsi ya binadamu. Mbuzi hulishwa kwa ajili ya mchuzi, na baina ya mfugaji na mbuzi ipo biashara, ijapokuwa mbuzi hakuulizwa. Lakini chura wa Kihansi hana mchuzi. Wala hakuja mlangoni kwa mtu kuomba. Alikuwa na mlo wake, ulioandaliwa na mto miaka na miaka bila bajeti ya mtu yeyote, nasi kwa haja yetu ya umeme tukaugeuza mto. Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Naandika haya chini ya taa na siwezi kujifanya sinufaiki. Lakini kumpelekea nzi baada ya hapo si ukarimu. Mtu akiziba kisima cha jirani yake, kisha kila asubuhi akampelekea ndoo ya maji, hatumwiti karimu. Tunatazama tu kama ndoo imejaa.

Huenda ningeyaacha mambo haya barazani kama yasingeingia nyumbani kwangu kwa mlango mwingine. Mjukuu wangu mmoja anasoma Uingereza, katika mji wa Leicester. Huko amefuga mnyama aitwaye aksoloti. Ni jamii ya viumbe wa majini na nchi kavu, kama vyura, ila yeye ana mkia, ana vidole kama mjusi, na matamvua yake yamechomoza nje ya kichwa kama manyoya. Ajabu yake ni kwamba haukomi utoto. Kiluwiluwi cha chura huota miguu, hupoteza mkia, hutoka majini na kuaga. Aksoloti hukua, huzaa, huzeeka, na bado yumo majini na matamvua yake ya kitoto. Anaweza kuishi miaka kumi na zaidi hivyo. Niliposikia nilimwambia bibi yake kwamba huyu ndiye mnyama wa kumtisha mwalimu: mwanafunzi asiyehitimu kamwe.

Asili yake ni Xochimilco, mifereji iliyo kusini mwa Jiji la Mexico. Huko ameisha kama alivyoisha chura wetu. Waliohesabu mwaka 1998 walikadiria aksoloti 6,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 walikadiria 36. Maji yamechafuka, na mji umeinywa mifereji. Tena kuna jambo lililonikaa kooni: miongoni mwa maadui zake ni samaki waliopandikizwa humo ili watu wapate kitoweo, na mmoja wao ni perege, samaki wetu wa Afrika. Anakula mayai ya aksoloti na watoto wake. Mtu alitaka kumlisha mtu, akamnyang'anya mwingine mlo na maisha, wala hakukusudia. Wakati huohuo aksoloti wanaofugwa wamejaa duniani, na wengi ni uzao wa kundi dogo lililopelekwa Paris katika miaka ya 1860. Huyo wa mjukuu wangu ni mweupe, macho meusi. Hakuna mfereji wa kumrudisha.

Alinunua wawili, akadhani wote ni dume. Asubuhi moja alikuta mayai yamegandamana na majani ya tangini, na kwa sababu alikuwa kwenye mitihani hakuyashughulikia. Wakatotolewa kama mia tatu. Ndipo akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akanieleza kazi ambayo sikuwahi kuifikiria.

Siku mbili tatu za kwanza mtoto wa aksoloti hali kitu; anatumia kiini cha yai kilichobaki tumboni. Baada ya hapo anataka chakula, nacho kiwe hai na kitikisike, kwa maana bado hajui kukitambua kilicholala. Mjukuu wangu akawa anatotoa artemia, kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, ambao mayai yao huuzwa makavu ndani ya kopo na huweza kukaa hivyo miaka. Unayatia kwenye chupa yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, unapuliza hewa kwa mpira, na baada ya siku moja hivi maji yanabadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa, kumbe ni maelfu ya viumbe wanaoogelea. Unawachuja, unawasuuza chumvi, unawamimina kwa watoto. Maji ya aksoloti lazima yawe ya baridi. Hapa Tanga angekufa kwa joto kabla ya Ijumaa. Artemia hawadumu katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo wasioliwa hufa na kuyachafua, na kila siku yakupasa uyabadilishe, ukiwahamisha watoto kwa kijiko. Asubuhi na jioni. Baada ya kama wiki mbili miguu ya mbele imeota, na hapo wakipungukiwa chakula, au wakibanana, wanaanza kung'atana miguu. Mguu wa aksoloti ukikatika huota tena, hiyo ni sifa yake kuu kwa wanasayansi. Lakini ndugu aliyeumwa ameumwa.

“Babu,” akaniambia, “nina maswali mawili. Kila siku naumba maelfu ili wafe. Hiyo ni haki? Na hawa mia tatu siwezi kuwalisha wote. Nifanyeje?”

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba juma moja, naye akacheka akasema babu ameomba likizo.

Katika juma hilo sikufungua vitabu. Nilichokumbuka ni sufuria la uji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa ukame, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Handeni. Tulipata unga wa msaada, ule wa njano ambao watu waliuita Yanga, lakini ulitosha vikombe mia na ishirini na watoto walikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Niliamua uji uwe wa darasa la kwanza na la pili. Wakubwa wangesimama chini ya mkwaju wasubiri kengele. Siku ya kwanza kijana mmoja wa darasa la sita alinijia kwa adabu zote, mikono nyuma, akaniuliza, “Mwalimu, sisi tumekosa nini?”

Tazama lile swali. Kwake uji ulikuwa tuzo, na asiyeupata ameadhibiwa. Nilimwambia hawakukosa kitu. Lakini lililonishika ni neno alilosema baadaye, bila kulalamika, akieleza tu: kwamba asingekuja shule angekuwa porini na wenzake, wangepata ming'oko, wangepata ndezi, wangekula. Alikuwa amesema kweli kuliko semina zote nilizohudhuria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka mtoto wa miaka saba hadi kumi na mitatu awe shuleni. Ni sheria njema na niliitekeleza kwa nguvu zangu zote. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watoto mashambani. Basi mimi ndiye niliyemfungia mlango wa porini. Tangu saa moja na nusu asubuhi hadi mchana mtoto yule alikuwa ndani ya tangi langu. Uji ule haukuwa msaada wa shule kwa mtoto, wala wa Marekani kwa Handeni. Ulikuwa bei ya kumweka pale. Na pale ambapo haukutosha, deni lilibaki, halikufutika kwa sababu tu sufuria limekwisha.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema chura analishwa na mtoto anashinda njaa, siku hizi humwuliza: na wewe, katika kikao cha wazazi cha kuchangia chakula cha shule, ulisimama upande gani? Mara nyingi hakwenda. Mtoto ametumiwa kama fimbo ya kumpigia chura, kisha fimbo ikatupwa. Madeni haya mawili hayagombani. Yana mzizi mmoja, na mwenye kulikana moja nimeona hulikana na la pili.

Nilipompigia mjukuu wangu nilianza na hao kamba wadogo. Nilimwambia kwamba bahari yote iliyo mbele yetu hapa, toka Raskazone hadi Pangani, ni mdomo juu ya mdomo, na hakuna mwamba wa matumbawe usiokaa juu ya vifo. Artemia wenyewe si wageni pwani yetu. Katika mashamba ya chumvi ya upande wa Malindi waliletwa miaka ya 1980, na ndio chakula cha vifaranga vya samaki na kamba kote duniani. Kuliwa si dhuluma. Lakini alinibana, na alinibana vizuri. Alisema baharini mlaji na mliwa wote wana mahali pa kukimbilia, na artemia wake hana. Mimi nakubali. Jibu langu, ambalo sidhani kama limetosha, ni kwamba hatia ya mliwa humwangukia mwenye kufuga kwa kadiri ya sababu yake ya kufuga. Waliototoa nyenje ili chura asitoweke duniani wana hoja. Anayefuga kwa sababu mnyama anapendeza ana hoja nyembamba zaidi, na wembamba huo inampasa aujue kila asubuhi anapochuja. Angalau apime kijiko, asitotoe elfu kumi pale elfu mbili zinapotosha, na asiwaite marafiki waje kutazama mauaji kama watu wa sinema. Hili la mwisho alisema hajawahi kulifanya. Nilifurahi.

Hapa niseme neno juu ya samaki mmoja wa kwetu, silikanti. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa katika nyavu zao za papa, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu zama za kale hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake ilianzishwa mwaka 2009 hifadhi ya bahari hapa Tanga. Hakuna aliyefanikiwa kumfuga. Akiletwa juu kutoka kilindini hufa. Hakuna kijiko wala chupa itakayomfaa, na kwa sababu hiyo wajibu wetu kwake ni rahisi kuutaja na mgumu kuutimiza: nyavu zisifike alipo. Nimefikiri mara nyingi kwamba silikanti amebahatika kuwa na shingo ngumu kiasi hicho. Aksoloti alikubali tangi, akakubali minyoo ya kukatwakatwa, akazaa Paris, na ukarimu wake huo wa kukubali ndio uliotupa kisingizio cha kuuacha mfereji wake ufe. Maana tulisema: yupo, si tunamlisha?

Swali la pili lilikuwa gumu kwa sababu mbele yake palikuwa na vijiumbe mia tatu wenye njaa, na kila siku niliyochukua kufikiri walikuwa wanang'atana. Kuwaachia mtoni sheria ya kule hairuhusu, na busara pia hairuhusu, perege ametufundisha. Kuwagawia wote kidogo kidogo ndiyo njia ambayo moyo huipenda, kwa sababu haimlazimu mtu kuchagua. Lakini chakula kisichotosha ndicho hasa kinachowafanya walane, na mwisho uchaguzi hufanywa na meno. Wenye meno makali hubaki, nawe unajiambia hukuua mtu. Mimi hiyo nimeiona pia kwenye foleni za uji zisizosimamiwa.

Nilimwambia ahesabu vikombe. Si watoto, vikombe: ni vikombe vingapi anavyoweza kuvibadilisha maji kila siku, kwa mikono yake, akiwa na mitihani, akiwa na mafua, katika chumba chake kile, mpaka wawe wakubwa wa kupelekwa kwa watu wengine. Alifikiri akasema ishirini. Nikamwambia basi una watoto ishirini. Na wale mia mbili na themanini? Nilisema wasife kwa njaa wala kwa meno ya ndugu zao. Awapeleke kwa daktari wa mifugo awalaze usingizi, alipe gharama, na awepo. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Babu, unasema kwa urahisi.” Nikamwambia nasema kwa sauti ya chini tu, si kwa urahisi.

Alikwenda. Daktari hakumcheka, jambo ambalo alikuwa akiliogopa. Wale ishirini walikaa kila mmoja katika kikombe chake dirishani, wakamaliza kopo la artemia, wakahamia minyoo ya ardhini iliyokatwa vipande. Wawili walikufa bila sababu iliyojulikana. Kumi na watano wamepata kwao, na kila aliyechukua aliulizwa kwanza tangi lina ukubwa gani na likizo anakwenda wapi. Watatu wamebaki pamoja na wazazi wao wawili, nao wazazi sasa wanakaa matangi mbalimbali. Masomo yake yamebaki miaka miwili. Aksoloti huenda wamebakiwa na kumi au zaidi. Juma lililopita alinieleza kwamba ameanza kutafuta nyumba ya kupanga yenye chumba cha baridi upande usiopigwa na jua, na mwenye nyumba asiyechukia matangi ya maji. Ameshakataliwa mara mbili.